Andika: Alitolewa

Kabla ya kuwapo kaunti ya Migori na kaunti ya Homa Bay, kote huko kulikuwa wilaya moja, South Nyanza, na makao yake makuu yalikuwa Homa Bay, kando ya ziwa. Mwaka wa 1985 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, karo ya kidato cha tano haikupatikana, na mjomba akaona ni afadhali nishike koleo kuliko kuzurura stendi. Akanipeleka mjini Migori kwa rafiki yake, fundi wa meno ya bandia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka barabara kuu iendayo Isebania, mpakani na Tanzania. Ndani mlikuwa na meza ya mbao, jiko la mafuta ya taa, mashine ya kusugulia iliyoguruma kama cherehani mbovu, na rafu iliyojaa vinywa vya plasta. Kila kinywa kilikuwa na namba. Usiku wa kwanza nililala mle ndani, sikupata usingizi.

Siku za soko tulibeba vyombo vyetu kwenye sanduku la bati tukaenda Homa Bay. Tulipanda gari hadi Rongo, hapo tukashika lingine kupitia Rodi Kopany mpaka ziwani. Kwa kanuni daktari ndiye wa kushika mdomo wa mtu, fundi kazi yake ni kutengeneza tu. Huku kwetu wakati huo madaktari wa meno walikuwa wa kuhesabika, na mpaka huo haukuangaliwa sana. Sisemi hilo kwa kujisifu.

Kazi yenyewe nilijifunza kwa macho. Fundi alikoroga unga wa aljineti na maji kwenye bakuli la mpira, haraka haraka, maana ukizubaa unagandia bakulini. Akaujaza kwenye kijiko cha bati chenye umbo la kiatu cha farasi na kumtia mteja mdomoni. Dakika mbili tatu mteja alitoa udenda na kupumua kwa pua, na chumba kizima kilinuka mnanaa. Kikitoka, kilikuwa na mashimo ya meno yote aliyobaki nayo mtu, na pale asipokuwa na meno palikuwa laini kama kiganja. Hapo ndipo mimi nilipomimina plasta. Baada ya hapo fundi alipanga meno juu ya nta, mteja akarudi kuyajaribu, kisha nta ikayeyushwa na nafasi yake ikajazwa akriliki ya waridi, tukaibana kwa chuma na kuichemsha sufuriani. Waya mwembamba fundi alikuwa ameukunja mapema kwa koleo ukayakumbatia meno ya pembeni, ndio ulioshika kila kitu kisicheze.

Kitabu cha wateja kilikuwa changu kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Niliandika namba, tarehe, kisha maelezo mafupi: pengo moja, juu, mapengo matatu, chini kulia. Neno la Kiswahili lilikuwa hilo na halikunipa shida. Mwanya ni uzuri, watu huusifia. Pengo ni hasara. Kibogoyo ni tusi.

Asubuhi moja Homa Bay, kwenye benchi letu walikuwa wamekaa wawili. Wa kwanza kijana aliyeanguka na baiskeli mteremkoni, meno mawili ya juu yamekwenda, mdomo bado umevimba. Wa pili mzee mrefu mwenye koti la vita, na mwanawe, mwalimu, amesimama nyuma yake. Mwalimu ndiye aliyesema na ndiye aliyetoa pesa. Alikuwa anaoa, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka upande wa Murang'a. Hakutaja aibu. Alisema tu kwamba baba atapigwa picha.

Mzee alifungua mdomo nikaona nilichokiona kwa babu yangu na kwa nusu ya wazee wa kijijini kwetu. Wajaluo wa zamani hawakutahiri. Kijana alipokaribia utu uzima aling'olewa meno sita ya chini, manne ya mbele na chonge mbili. Ada hiyo iliitwa nak na mng'oaji aliitwa janak. Hakukuwa na ganzi. Kulia ilikuwa fedheha ya kukufuata hadi uzeeni. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi: mtu ajulikane ni wa kwao hata akifia mbali, au pepopunda ikimfunga taya aweze kunyweshwa uji kupitia hapo. Waadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, misheni na shule zikazidi kuenea, na ada ikaanza kukonda. Kizazi cha baba yangu ungekuta ndugu wa tumbo moja, mkubwa ametolewa na mdogo anayo yote, na wanacheka kila mmoja kwa mtindo wake.

Nikafungua kitabu nikaandika: mapengo sita, chini. Mzee akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

"Nyakwara, futa hapo," akasema. Aliniita mjukuu, na kwa umri ilikuwa sawa. "Pengo ni la huyu aliyeanguka na baiskeli. Mimi sikuanguka. Andika: alitolewa."

Mwalimu akatazama ziwa. Fundi, ambaye kwa kawaida hakuwa na subira na wateja wenye maneno, akaniambia kwa sauti ya chini, "Andika anavyosema jaduong'." Nikakata mstari, nikaandika.

Mdomo ule ulitushinda mara mbili. Mara ya kwanza kosa lilikuwa langu. Akriliki inataka moto wa pole, maji yapande joto taratibu. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kuangalia mpira, nikaupandisha utambi wa jiko mpaka maji yakatokota. Tulipofungua chuma, akriliki ilikuwa na vitundu ndani kama mkate. Fundi hakunipiga. Aliweka kile kitu mbele yangu mezani kikakaa hapo wiki nzima, karibu na sahani yangu ya ugali.

Mara ya pili kosa halikuwa la mtu. Jino likitoka, mfupa uliolishika hupungua mwaka baada ya mwaka, na wa mzee ulikuwa umepungua zaidi ya miaka 40. Ufizi wake wa mbele ulikuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Meno ya juu, yasipokuwa na wenzake wa kuyakabili, yalikuwa yameinamia mbele. Na ulimi ulikuwa umezoea kupumzika pale penye nafasi, kama mbwa mlangoni. Ukipanga meno sita hapo, ulimi unayasukuma nje siku nzima. Fundi alikunja waya upya, akapunguza hapa, akaongeza pale. Siku ya tatu ya kujaribu, mzee alisema "asante" na herufi s ikapiga mluzi. Kijana wa baiskeli, aliyekuja kuchukua yake, akacheka, na kwa kuwa alikuwa na meno mapya alicheka wazi.

Huyo kijana nilimfurahia. Aling'ata muhindi wa kuchoma pale pale kando ya benchi letu, jambo ambalo fundi alikuwa amemkataza. Hiyo ndiyo faida ya kazi ile nilipoiona vizuri: mtu aliyekuwa akifunika mdomo kwa kiganja anaushusha mkono. Tulikuwa na mama mmoja wa Awendo aliyeacha kuimba kwaya miaka miwili kwa ajili ya meno manne ya juu yaliyooza. Alipopata ya bandia alirudi kwaya na akatuletea kuku.

Lakini mzee hakuwahi kuung'ata muhindi. Tangu ujana aliupukuchua kwa kidole gumba na kurusha punje mdomoni, na alifanya hivyo haraka kuliko sisi wenye meno. Muwa alimenya kwa panga. Pombe ya mtungi alivuta kwa oseke, ule mrija mrefu, na alituambia bila haya kwamba nafasi ile ya chini ndipo oseke inapokaa vizuri. Tulichukua pesa sawasawa kwa mtu aliyekosa kitu na kwa mtu ambaye hakukosa. Hilo nimelifikiria mara nyingi kuliko ile akriliki yenye vitundu.

Miezi mitatu minne baada ya harusi nilimkuta Homa Bay karibu na gati, amekaa kivulini na sahani ya ngege. Nikamwamkia. Kinywa kilikuwa kama nilivyokiona siku ya kwanza. Nikauliza, kwa adabu niliyoweza, kama meno yanamsumbua. Akapapasa mfuko wa koti, akatoa leso, akaifungua. Yalikuwamo yote sita, safi, waya haujapinda.

"Yako," akasema. "Leo sina mgeni."

Akayafunga tena, akaendelea na samaki wake, akitenga miba kwa ulimi na kuitoa mbele bila kutumia mkono.

Kazi ile niliiacha mwaka wa 1988, nikaenda kufundisha. Kitabu cha wateja kilibaki na fundi, na baada ya siku ile kilikuwa na maneno mawili: pengo, na alitolewa. Wazee waliotolewa walipozikwa mmoja mmoja, neno la pili likakosa kazi. Wajukuu wao hawajui janak alikuwa nani.

Mwaka jana nilienda kliniki moja mjini Migori kuwekewa meno mawili ya juu. Niliyapoteza kwa soda na uvivu wa mswaki, hakuna ada ndani yake. Aljineti bado inanuka mnanaa. Binti wa mapokezi aliandika kwenye kompyuta, nikamwomba anisomee. "Mapengo mawili, juu," akasema, kisha akauliza kama kuna la kurekebisha. Nikamwambia liko sawa.