Ada ya Mtoto na Ada Yangu

Mwezi wa Desemba dada yangu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Wewe ndiye uliyesoma, mdogo wangu. Mtoto tumpeleke shule gani?"

Dada ameolewa Kasenyi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Mwanawe alikuwa ametimiza miaka sita. Shule ya serikali iko karibu. Ile ya binafsi aliyoitamani iko Kasese mjini, na barabara ya kwenda huko inapita katikati ya mbuga yenye simba, nyati na tembo. Giza likikaribia, waendesha bodaboda wengi hukataa safari. Kwa hiyo kuchagua shule ya binafsi kulikuwa kuchagua bweni, tena kwa mtoto ambaye bado humwita mama yake usiku akisikia viboko wakila nyasi nyuma ya nyumba.

Mimi nilisoma shule ya serikali upande wa Bwera. Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, kabla sijazaliwa, na bila mpango huo nisingekuwa hapa. Lakini hiyo bure ina bei yake: sare, madaftari, chakula cha mchana. Nikiwa darasa la nne nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya hela ya uji. Tulijaa darasani hata mwalimu akajua majina ya waliokaa mbele tu. Nilipofika sekondari, wenzangu waliotoka shule za binafsi walijibu maswali kwa Kiingereza papo hapo. Mimi nilitunga jibu kichwani kwa Lukonzo kwanza, na nilipokuwa tayari mwalimu alikuwa ameshahamia swali jingine.

Basi jibu nilikuwa nalo: apelekwe shule ya binafsi. Sikulitoa.

Shemeji ana mtumbwi mmoja. Ngege wanaovuliwa kwa mtumbwi huo ndio wanaonilipia chuo tangu baba yetu alipofariki. Bweni lilitaka zaidi ya laki nne kwa muhula, na mwaka una mihula mitatu. Hesabu hiyo niliipiga kabla dada hajamaliza kuuliza.

Nikajibu kisomi. Nilimwambia kwamba mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka watoto wa vijijini wafundishwe kwa lugha ya kwao hadi darasa la tatu, kwa kuwa mtoto hujifunza kusoma vizuri zaidi katika lugha anayoielewa, na kwamba shule nyingi za binafsi huiruka hatua hiyo. Nikamkumbusha wakati wa korona, shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, jinsi walimu wa shule za binafsi walivyokosa mshahara, wengine wakauza chapati. Nikasema mtoto wa miaka sita asilale mbali na mama yake. Yote hayo ningeyaandika kwenye mtihani bila wasiwasi, na hilo la mwisho naliamini hadi leo.

Dada alinisikiliza huku akipara samaki. "Sawa," akasema, "kama ndivyo mnavyofundishwa huko."

Februari mtoto akaanza darasa la kwanza katika shule ya serikali. Ada yangu ililipwa kwa wakati.

Wiki iliyopita alinipigia kwa simu ya baba yake, akanihesabia mpaka ishirini kwa Lukonzo bila kukosea hata moja. Nikampongeza. Kisha akauliza, "Mama mdogo, kwa Kiingereza baada ya kumi wanasemaje?" Nikaanza kumfundisha hapo hapo. Tulikuwa tumefika kumi na nne salio lilipoisha.