Heshima isimnyang'anye mzazi nguvu zake

Wazee wetu wana neno wanaloliogopa kuliko maradhi, nalo ni "mzigo". Mzazi aliyezoea kuulizwa kila jambo la nyumba, akifikia umri wa kuulizwa tu kama amekula, huanza kujiona mzigo hata kama hakuna aliyemtamkia hivyo. Sisi ndugu wanne tumelishuhudia hili kwa mama yetu mwenye umri wa miaka 79. Wawili kati yetu tunaishi naye Tanga, katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu baba yetu. Wengine wawili huja kwa zamu kutoka Dar es Salaam.

Mara baada ya kumaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, mama alishikwa na homa iliyomlaza wiki tatu. Alipopona, miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kutoka chumbani hadi uani alihitaji kushikwa mkono. Jamaa waliokuja kumjulia hali wakatuusia kwa nia njema kwamba sasa apumzike, aletewe chakula kitandani, aogeshwe, asiguse kazi yoyote. Shangazi yetu akasema ni aibu kwa watoto wanne wazima kumtazama mama yao akichambua mchele.

Maneno hayo yalikuwa mazito, kwani hakuna Muislamu apendaye kuhesabiwa miongoni mwa wanaomdhulumu mzazi. Katika Suratul Israa, aya ya 23, amri ya kuwafanyia wema wazazi imekuja mara tu baada ya amri ya kumuabudu Allah peke yake, na hata mguno wa kukereka umekatazwa. Lakini daktari aliyemtibu alikuwa ametueleza jambo jingine. Misuli ya mtu mzima sana isipotumika hunyauka upesi, na siku chache za kulala huondoa nguvu ambazo kuzirudisha huchukua wiki nyingi. Anayelala muda mrefu hupatwa pia na vidonda vya mgongoni na makalioni, choo kigumu, na hata damu kuganda katika mishipa ya miguu.

Tukakutana ndugu wote, na mama tukamketisha katikati yetu. Tukamweleza maneno ya daktari na maneno ya shangazi, kisha tukamuuliza yeye anataka nini. Alinyamaza kitambo, akasema: "Wanangu, Mwenyezi Mungu bado hajanipokonya mikono. Msinipokonye nyinyi."

Tangu siku ile, kazi yetu ikawa kuitengeneza nyumba ili aweze kuitumia kwa salama. Tulianzia bafuni. Fundi aliweka vyuma viwili vya kushikia ukutani, na sakafu iliyokuwa ikiteleza ikapigwa saruji yenye mikwaruzo. Mkeka uliokuwa ukijikunja mlangoni tuliuondoa. Kandambili zilizolika soli zikabadilishwa kwa viatu vyenye mkanda wa kisigino. Taa ndogo huwaka usiku kucha kati ya chumba chake na uani, maana alfajiri huamka kutia udhu kungali na giza, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani. Udhu wenyewe huutia akiwa ameketi kwenye kiti, birika likiwa pembeni yake. Kabla ya kuinuka, hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwa sababu dawa za shinikizo la damu huweza kumletea kizunguzungu akisimama ghafla.

Asubuhi huuzunguka ua kwa mkongojo wake. Huchambua mchele, husuka ukili, na baada ya Alasiri wajukuu humsomea Juzuu Amma naye huwasahihisha. Dawa zake humeza mwenyewe. Mmoja wetu hukagua kisanduku kila usiku. Maji ndiyo tunayomkumbusha mara kwa mara, kwani hisia ya kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Siku ambazo miguu inakataa, husali akiwa ameketi, kwa ruhusa ambayo Mtume (s.a.w.) alimpa Imran bin Husayn. Unapofika mwezi wa Ramadhani, fidya ya siku asizoweza kufunga huipima kwa mkono wake, kibaba baada ya kibaba, kisha humwagiza mjukuu aipeleke kwa masikini.

Njia hii si nyepesi. Mchele wa mama huchukua saa nzima, na kumsubiri afunge vifungo vyake mwenyewe kunataka subira kubwa kuliko kumvisha. Hofu nayo haijatutoka: siku moja aliteleza bafuni, na kilichomwokoa, kwa rehema za Allah, ni kile chuma cha ukutani. Shangazi alikaa miezi miwili bila kukanyaga kwetu. Alipokuja, mama alimkaribisha mkekani, akamsogezea upande mmoja wa ungo. Wakachambua pamoja hadi Adhuhuri, wakicheka mambo ya ujana wao.

Hatusemi kwamba kila mzee apewe kazi. Yupo ambaye maradhi yamemlaza kabisa, na haki yake ni kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, kusafishwa kwa stara, na kulishwa bila kuharakishwa. Lakini hata yeye anaweza kuulizwa avae nguo gani, dirisha lifunguliwe au lifungwe, na nani amsomee Qur'ani usiku huu. Mzazi anayeulizwa hujua kwamba nyumba bado ni yake.

Basi tuwaombe radhi zao wangali wanasikia, na tuwasaidie bila kuwapokonya kile ambacho Allah amewabakishia. Tunamuomba Mola awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, na awajaalie watoto wetu kuwa na subira nasi zamu yetu itakapofika. Amin.