Ngozi ya Mchanga

Katika uhakiki wa fasihi, uhalisia ni neno lililochakaa kwa kutumiwa. Kwa wabunifu wa mandhari ya tarakilishi, neno hilo lingali na uzito. Jiwe la Nzambani kule Kitui, likiundwa kwa umbo pekee, huonekana kama donge la plastiki. Sharti livikwe ngozi. Rangi huhifadhiwa peke yake, mikwaruzo peke yake, mng'ao peke yake, kisha mwanga wa kubuni huviunganisha. Ndiyo maana picha za kazi hii aghalabu hupigwa siku ya mawingu, kwani kivuli kilichoganda pichani hakiwezi kulifuata jua jingine.

Kijana mmoja wa Makueni aliijua kanuni hiyo alipojaribu kuliunda bonde la mto Kaiti. Alipiga picha mraba mdogo wa mchanga, akafuta kila doa ambalo lingefichua marudio, akaurudia mraba huo hadi mto mzima ukafunikwa. Kisha akatawanya tofauti za kinasibu, mbinu iliyomfanya Ken Perlin atuzwe mwaka 1997 na taasisi ya Marekani itoayo tuzo za Oscar. Mchanga ukapendeza mno. Mtu angedhani anaweza kuuteka kwa kiganja.

Akamwonyesha nyanya yake.

"Mchanga ni mzuri," ajuza akasema baada ya kimya kirefu. "Sasa nionyeshe pa kuchimba maji."

"Susu, hii ni picha tu."

"Naona ni picha. Pa kuchimba ni wapi?"

Mito mingi ya Ukambani hukauka juu tu. Chini, mchanga huyakinga maji yasinyonywe na jua, na hiyo ndiyo siri ya mabwawa ya mchanga yaliyotapakaa Kitui na Makueni: ukuta huzuia mchanga, nao mchanga huweza kubeba maji hadi takriban asilimia 40 ya ujazo wake. Ajuza huyo aliusoma mto kama msomi asomavyo muswada: weusi wa unyevu alfajiri, majani mabichi ukingoni, mahali punda aliparapo kwa kwato. Tofauti za tarakilishi zilikuwa tofauti zisizo na sababu.

Kijana akarudi mtoni kupiga picha upya. Pale alipoupata mraba wa kwanza, malori yalikuwa yamezoa mchanga hadi mwamba ukabaki uchi, ingawa kaunti ilikuwa na sheria ya kuuhifadhi tangu mwaka 2015. (Yamkini sasa mchanga huo ni ghorofa mahali fulani.) Akaupiga picha mwamba katika jua kali, vivuli vyote vikiwemo.

Jioni hiyo aliitafuta picha yake ya kwanza, ile ya kabla ya kufutwa madoa, akamwekea nyanya yake mbele. Ajuza akaikaribia, akagusa kioo upande wa kushoto, palipokuwa na weusi kidogo.

"Hapa," akasema.