Mshauri wa Kazi Asiye na Wafuasi

Ikiwa nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza chuo na ambaye kila asubuhi anaamkia simu, usiharakishe kumkemea kwamba anacheza. Sisi tuliomtangulia tulibeba bahasha za kaki zilizojaa nakala za vyeti, tukazunguka Industrial Area lango baada ya lango, na bawabu akatunyoshea kidole kibao cha "Hakuna Kazi" hata kabla hatujamwamkua. Siku hizi mzunguko huo umehamia kwenye mitandao ya kijamii. Miguu haichoki tena, lakini nyoyo zinachoka vile vile.

Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alihitimu diploma ya uhandisi wa umeme mwaka wa 2021. Karo yake ilitokana na maziwa ya ng'ombe wa mama na sehemu ya mshahara wangu, kwa hivyo kukosa kwake kazi lilikuwa jambo la familia nzima. Alikuja kukaa nami Umoja. Asubuhi aliosha vyombo, akanunua bando ya shilingi 50, kisha akaketi kusikiliza wataalamu wa ajira. Kila Jumapili mama alipiga simu na kuuliza swali moja tu: "Bado?"

Siku moja niliketi kando yake nijionee. Alikuwa akifuata wataalamu 11. Mmoja alisisitiza kwamba CV isizidi ukurasa mmoja. Mwingine akasema kurasa mbili ndizo sawa. Wa tatu alitaka picha, wa nne akaapa kwamba picha ni mkosi. Wa tano, aliyezungumza kutoka Marekani, alionya vikali kwamba usimwambie mwajiri umri wako wala unakotoka. Jioni hiyo hiyo mdogo wangu akafungua fomu ya Tume ya Utumishi wa Umma. Iliuliza nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kaunti ya nyumbani na hata kabila. Sasa amtii nani? Yule wa Marekani hakuwa mwongo, ila alikuwa akiwashauri watu wa kwao.

Kuna wengine ambao ushauri wao ni chambo tu. Dakika tatu za kukutisha, halafu unaambiwa utume shilingi 2,000 uandikiwe CV "isiyokataliwa na kompyuta". Binafsi, mtaalamu wa aina hiyo namuuliza swali moja: wewe umewahi kumwajiri nani? Wapo wanaoweza kujibu. Nawajua maafisa wa kuajiri ambao hutangaza nafasi kwa alama ya #IkoKaziKE, wakaeleza ni kwa nini barua fulani zilitupwa, na hawamwombi mtu hata ndururu. Hao wafuateni.

Walaghai nao sitawamalizia wino. Mama mwenyewe alitutumia ujumbe wa WhatsApp: kazi ng'ambo, nauli juu ya mwajiri, tuma 3,500 kwa M-Pesa kabla ya saa kumi. Kampuni zilizosajiliwa kupeleka watu kazini ng'ambo zimo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha hiyo husomwa bure kwenye tovuti yake. Ile ya mama haikuwamo. Tena, sheria ya ajira ilirekebishwa mwaka wa 2022: mwajiri hapaswi kukudai vyeti vya kuthibitisha uadilifu wako kabla hajaamua kukupa mkataba. Anayekuhimiza uvilipie leo kupitia kwake, mkimbie.

Kilichotufaa sisi kilikuwa kitu kidogo ambacho hakuna hata mmoja wa wale 11 aliyekitaja. Katika mtandao wa LinkedIn, ukifungua ukurasa wa chuo chako, kuna sehemu ya wahitimu. Hapo utaona waliokutangulia wanafanya kazi wapi, mji gani, na kazi ya aina gani. Mdogo wangu alitafuta waliosomea umeme kama yeye, akakuta kwamba wengi walikuwa wakifunga mitambo ya sola. Akachagua tisa, si wakubwa wa kampuni, bali mafundi waliomtangulia kwa miaka mitatu au minne. Aliwaandikia hivi: "Kaka, nilisoma idara uliyosoma wewe, nikamaliza 2021. Naona unafunga sola. Je, kampuni kama yenu humtaka fundi mpya awe na cheti gani kwanza?" Hakuomba kazi wala hakutuma CV.

Saba walinyamaza. Wa nane alijibu "tutaongea" na hadi leo hawajaongea. Wa tisa, fundi wa Nakuru asiye na wafuasi hata 200, alijibu baada ya siku nne: "Leseni ya EPRA, mdogo wangu. Diploma ni nzuri, lakini bila leseni siwezi kukupandisha juu ya paa la mteja."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kanuni za sola za mwaka wa 2012 ziliweka leseni za mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, kuanzia mitambo midogo hadi mikubwa. Mdogo wangu alikuwa ametuma maombi kwa kampuni za sola miezi minane mfululizo bila leseni hiyo, na hakuna aliyejisumbua kumweleza. Wataalamu wale huongea na mhasibu, muuguzi na fundi kwa kinywa kimoja. Wangejuaje mambo ya paa?

Kazi ikabaki kumshawishi mama, maana mafunzo yana ada.

"Huyo mtu unamjua?" akauliza.

"Hatujaonana, mama."

"Na pesa analipwa yeye?"

"La. Analipwa mwalimu wa mafunzo. Yeye hakuomba kitu."

Mama alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani bando imekwisha. Jumanne ndama aliuzwa.

Leseni ilipatikana mwaka wa 2023. Yule fundi wa Nakuru hakumpa kazi, wala hakuahidi. Kibarua cha kwanza kilikuwa Kajiado, malipo ya siku kwa siku, jua la kutosha kukausha nyama. Mkataba ulikuja baadaye. Siku hizi mama humtumia kila tangazo la kazi analoletewa na majirani ili alichunguze. Wiki jana alimtumia matatu. Mawili yalikuwa ya walaghai. La tatu lilikuwa la kaunti, halali kabisa, ila siku ya mwisho ya kutuma maombi ilikuwa imepita.