Saa Iliyojaa Isiyokwenda

Kimya cha saa mpya kinaudhi kuliko kimya cha saa kuukuu. Saa kuukuu ikisimama, watu husema imechoka, nayo husamehewa. Saa mpya ikisimama, mwenyewe huitilia shaka mikono yake, kisha humtilia shaka muuzaji, na mwisho, asipojihadhari, humtilia shaka hata yule aliyempa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga aliipita njia hiyo ya shaka tangu mwanzo wake hata mwisho, na safari yake yastahili kusimuliwa, kwa kuwa wako wengi waipitao bila ya saa mkononi.

Mwalimu huyo alifundisha hesabu mchana na mbio jioni. Alikuwa mtoto wa shule siku ile ya tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alipokimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 katika mji wa Christchurch, New Zealand, akavunja rekodi ya dunia. Tangu siku hiyo aliamini kuwa sehemu ya sekunde si kitu cha kudharauliwa. Lakini katika maisha yake yote ya kazi aliwapima vijana wake kwa saa za kuazima, na alipostaafu aliendelea kwenda uwanjani na saa ya kuazima vile vile.

Alikuwa na binti mmoja, muuguzi, aliyekwenda kufanya kazi Muscat. Baba hakuiridhia safari ile. Siku ya kuagana alisema maneno makali, na binti akaondoka bila ya kujibu. Kwa miaka miwili mazungumzo yao ya simu yalikuwa ya adabu na mafupi: shikamoo na marahaba, habari za afya, fedha zimefika, kwaheri. Kila mmoja alikuwa na mengi ya kusema, na kila mmoja alimngoja mwenziwe aanze. Mwaka wa tatu msafiri alileta kasha dogo kutoka Muscat. Ndani yake ilikuwamo kronografu mpya, na karatasi yenye mstari mmoja: “Ya vijana wako wa mbio, baba.”

Kronografu ni saa yenye kazi mbili: huonyesha wakati kama saa nyingine, na hupima muda wa jambo tangu mwanzo wake hata mwisho. Louis Moinet wa Ufaransa alitengeneza chombo cha namna hiyo mwaka 1816 kwa ajili ya kazi ya kutazama nyota. Mwaka 1821 Nicolas Rieussec alipima mbio za farasi mjini Paris kwa chombo kilichotia tone la wino juu ya uso wake, na kutoka hapo likapatikana jina la Kiyunani lenye maana ya mwandika wakati. Saa ya mwalimu haikuwa na wino wala betri. Nguvu yake yote ilitoka katika kamani iliyokunjwa ndani ya pipa dogo. Mtu akizungusha kifundo cha ubavuni, kamani hukazwa. Nayo ikitaka kukunjuka, husukuma gurudumu moja, na hilo jingine, mpaka nguvu ifike katika gurudumu la mizani. Gurudumu hili huenda huku na huku, likiiachia nguvu itoke kwa kipimo. Katika saa nyingi za namna hiyo mapigo ni 21,600 kwa saa moja, yaani 6 kwa kila sekunde.

Usiku ule mwalimu alitia saa ufunguo. Alizungusha kifundo polepole, akihesabu, mpaka kikagoma. Akaiweka saa sikioni, asisikie kitu. Akaitazama akrabu ndefu, haikuondoka mahali pake. Hofu ikamwingia kuwa ameijaza kupita kiasi na kukata kamani kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi jirani alimshauri aigonge juu ya meza, na mwingine akajitolea kuifungua kwa kisu. Mwalimu aliwashukuru wote wawili, akairudisha saa katika kasha, akalifunika.

Ijumaa binti alipiga simu.

“Shikamoo, baba. Saa imefika?”

“Marahaba, mwanangu. Imefika.”

“Inakwenda?”

Mwalimu alinyamaza kidogo. Aliona kuwa akisema haiendi, binti atasikia kuwa zawadi yake imekataliwa kama safari yake ilivyokataliwa. “Inakwenda vizuri mno,” akasema.

Ijumaa ya pili binti aliuliza kama vijana wamekwisha kupimwa. Baba akajibu kuwa wamepimwa. Ya tatu akauliza nani aliyekuwa wa kwanza, na baba akalazimika kumtaja kijana na kumtungia muda wake. Mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote alijisikia akitamka tarakimu ambazo hazikupimwa na mtu, na usiku ule hakulala vyema. Asubuhi aliitia saa katika mfuko, akaenda kwa fundi.

Fundi saa yule alikuwa mzee, na meza yake ilikuwa barazani, chini ya kivuli. Alitia kioo cha kukuzia jichoni, asiiguse bisibisi.

“Mwalimu,” akauliza, “ulikirudisha kifundo ndani baada ya kusahihisha wakati? Kikiwa nje, saa nyingi husimama kwa kusudi.”

“Nilikirudisha.”

“Ulitazama akrabu ipi?”

“Hii ndefu ya katikati.”

Fundi alitabasamu. “Hiyo ni ya kupimia. Hukaa kimya mpaka ubonyeze kitufe cha juu. Wengi huletwa hapa nayo, wakidhani saa imekufa kumbe ni nzima. Akrabu ya sekunde za kila siku ni hii ndogo, katika duara la pembeni.”

Moyo wa mwalimu uliruka kwa tumaini. Wote wawili wakaitazama akrabu ndogo. Nayo ilikuwa imesimama.

Fundi aliigeuza saa. Mgongo wake ulikuwa wa kioo, na gurudumu la mizani lilionekana limetulia kama jicho la samaki. Alileta dira ndogo karibu yake, kwa kuwa sumaku huweza kuzinatisha pamoja duara za kamani ile nyembamba kama unywele iliyo katika mizani. Sindano ya dira haikutikisika. Kisha akailaza saa kiganjani, akaizungusha taratibu kama mtu azungushaye kikombe cha kahawa. Gurudumu likaamka, likaenda huku na huku, na mwalimu akasikia mapigo ya saa yake kwa mara ya kwanza. Yalidumu muda wa pumzi chache, yakapungua, yakakoma.

“Niliijaza mno,” mwalimu akasema kwa huzuni.

“La. Saa haifi kwa kujazwa, maadamu mkono unaacha pale kifundo kinapogoma. Kamani yako imejaa, na mizani yako ni huru. Nguvu ipo, lakini haifiki. Kati ya pipa na mizani pana kizuizi. Pengine unyuzi mmoja katika meno ya gurudumu, pengine mafuta yaliyoganda. Ukiendelea kukaza hutakiondoa.”

“Basi ifungue.”

Fundi aliomba karatasi za saa. Mwalimu alikuwa hajazisoma. Mzee alizisoma, akazikunja, akarudisha kila kitu mezani upande wa mwenyewe. Saa ilikuwa na dhamana: ikionekana na kasoro katika siku 30 tangu kununuliwa, hubadilishwa, ikifunguliwa na mkono mwingine, dhamana hubatilika. Siku 24 zilikuwa zimekwisha kupita.

“Nikiifungua nitapata ujira wa leo,” fundi akasema, “nawe utapoteza haki yako. Mwambie aliyeinunua.”

Hilo ndilo jambo pekee ambalo mwalimu alikuwa amelikimbia. Alirudi nyumbani kwa miguu, asingoje Ijumaa. Alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili, akamwambia binti yake kuwa saa haijapata kwenda hata siku moja, kwamba kijana yule wa kwanza hakupimwa, na kwamba alisema uongo kwa kuogopa kumvunja moyo.

Binti alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Baba, mimi nami nilikuambia kazi ni nyepesi. Si nyepesi.” Wakazungumza mpaka salio likaisha, na binti akapiga tena.

Msafiri alipatikana siku ya tatu, na saa ikafika dukani siku ya 29. Baada ya majuma machache ilikuja nyingine. Mwalimu aliitia ufunguo mbele ya fundi, na kabla kifundo hakijagoma akrabu ndogo ilikuwa imekwisha kuanza safari yake. Fundi hakukubali malipo ila kikombe cha kahawa.

Watu husema kuwa mapenzi yakiwa mengi hayana haja ya maneno. Huenda ni kweli kwa waliokaa nyumba moja. Lakini kamani ya baba yule na binti yule ilikuwa imejaa miaka miwili, na akrabu hazikusogea, kwa sababu ya unyuzi mmoja wa haya uliokaa katikati, na kila fedha na kila zawadi ilikuwa ni kukaza juu ya kukaza. Siku hizi, jioni, mwalimu husimama kwenye mstari na saa yake mkononi. Kijana yule aliyetajwa katika uongo amepimwa kweli. Ni wa tatu. Tarakimu zake zimeandikwa kama zilivyo, na binti husomewa kila Ijumaa.