Noeli ya watoto wa kakao

Wiki hii ni zamu yetu sisi wa Kyangwali. Mlituomba tuandike juu ya chakula cha sikukuu, basi tunaandika juu ya vitonge vya chokoleti. Ndiyo, chokoleti, hapa hapa kambini. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Vitonge vyenyewe ni hivi: unasaga biskuti, unachanganya na maziwa mazito ya kopo, unafinyanga kama tonge la bugali lakini dogo, halafu unachovya ndani ya chokoleti iliyoyeyushwa. Ikiganda, basi, umemaliza. Hakuna oveni. Moto ni wa mbabula moja tu, tena makala kidogo. Huko Ulaya na Marekani wanaviita trafeli, na watu wengi wanavitengeneza wakati wa Noeli. Sisi tuliona kwenye simu ya mwenzetu, tukasema: hii si kazi ngumu, kwa nini tusijaribu?

Lakini kuna jambo lingine lililotusukuma, na hilo ndo tunataka kuwaambia.

Wengi katika kikundi chetu tumetoka Beni, upande wa Kamango, Eringeti, Mbau na Oicha. Anayejua kule anajua kakao. Wazee wetu walilima kahawa, halafu ukaja ugonjwa wa kunyauka, mibuni ikakauka shamba baada ya shamba. Watu wakapanda kakao. Sisi tumekua chini ya miti hiyo. Tunajua tunda likiwa la njano limeiva, unalikata kwa panga bila kuumiza shina, unalipasua, ndani unakuta mbegu zimefunikwa na nyama nyeupe tamu. Mtoto gani wa kwetu hajawahi kufyonza ile nyama nyeupe? Na mtoto gani hajawahi kufukuzwa na mama yake kwa ajili hiyo? Kwa sababu ile nyama ndiyo inafanya kakao ichachuke. Ukiimaliza, unaharibu mali ya nyumba.

Mbegu zinalundikwa, zinafunikwa na majani ya migomba siku 5 mpaka 7, zinageuzwa, zinapata joto, zinanuka kama siki. Halafu zinaanikwa juani kama wiki moja hivi. Ile kazi ya kugeuza na kuanika ilikuwa ya mama na watoto. Pesa yake ndiyo ililipa shule, mabati na dawa. Mnunuzi alikuja na mzani wake, akapima, akalipa, akaondoka na magunia. Yanakwenda wapi? Tuliambiwa Ulaya. Yanafanywa nini? Tuliambiwa chokoleti. Chokoleti yenyewe tuliiona kwenye televisheni.

Halafu vita. Mwezi wa 7 mwaka 2013 Kamango ilishambuliwa, makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka 2014 mauaji yakaanza kuzunguka vijiji vya Beni, na mpaka leo hayajaisha. Wakulima wengi wameuawa wakiwa shambani, wengine wakati wa mavuno. Kuna mashamba ambayo mwenyewe hathubutu kufika, lakini kakao inavunwa na watu wengine. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani. Sisi tulisoma habari hiyo kwenye simu, tumekaa kwenye mstari wa maji. Mmoja wetu akasema, "Shamba la papa liko na miti ya kutosha tani moja kwa mwaka." Hakuna aliyejibu. Ungejibu nini?

Basi hapo ndo tulipoanza. Tukasema Noeli hii watoto wa kakao watakula chokoleti, na wataitengeneza wenyewe.

Hatukukubaliana wote, tuwaambie ukweli. Tulichanga shilingi 90,000 za Uganda. Mwenzetu mmoja akasimama, akasema: "Mgao umepungua, watu banalala njaa, na siye tunanunua pipi? Hiyo pesa tununue maharage." Hakuwa anaongea upuuzi. Tukapiga hesabu palepale. Pesa ile ingenunua kama kilo 22 za maharage. Watoto walioandikishwa kwa sikukuu ni 86. Kila mtoto angepata robo kilo, yaani mlo mmoja. Wengine wakasema mlo mmoja si kidogo kwa mwenye njaa. Wengine wakasema kila mwaka Noeli yetu ni ya kupanga mstari: unapanga mstari, unapokea, unapigwa picha, unarudi nyumbani. Hata maharage yatakuwa ni mstari mwingine. Mara moja tu mtoto awe ndiye anatengeneza kitu, na ndiye anampa mwingine.

Tukapiga kura. Chokoleti ilipata kura 11, maharage 6. Yule aliyesimama akakubali, lakini akaweka sharti: watoto wa nyumba zenye shida zaidi wapewe kwanza, kabla ya wageni na kabla yetu. Sharti hilo tumeliweka kwenye kanuni za kikundi mpaka sasa.

Sokoni tulijifunza kitu. Chokoleti si zote ni chokoleti. Soma karatasi yake. Zile za bei rahisi nyingi zinafanywa kwa mafuta ya mimea, na unga kidogo wa kakao. Zile za bei ya juu zina siagi ya kakao, yaani mafuta ya ile mbegu yenyewe. Ya bei rahisi ni rahisi pia kutumia, inaganda haraka. Lakini sisi tulinunua ile yenye siagi ya kakao, gramu 600, kwa sababu moja tu: tulitaka mama zetu waonje ile yenyewe. Nusu ya pesa ilikwenda hapo.

Ya kuweka ndani hatukununua unga wa dukani. Hapa Bunyoro pia kuna wakulima wa kakao, tukapata kilo 1 ya mbegu kavu kwa jirani Mganda. Hapo tukamwita mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye alilima kakao Kamango miaka mingi. Alichukua mbegu moja, akaikata kwa meno, akaangalia ndani. "Iliachishwa mapema," akasema. "Ilibakisha siku mbili kwenye majani." Hakuna aliyebishana naye. Tukaikaanga kwenye sufuria kama karanga, moto mdogo, tukikoroga, mpaka maganda yakaanza kupasuka na harufu ikajaa kibanda. Watu wakaanza kuchungulia. Tukamenya, tukatwanga kwenye kinu cha kutwangia sombe, tulichokiosha na kukikausha vizuri. Mwanzo ni unga. Ukiendelea, joto la mchi linatoa mafuta, unga unakuwa uji mweusi mzito unaong'aa. Aliyetwanga zaidi ya wote ni yule wa maharage.

Mama yule tulimpa kijiko cha uji ule, akakunja uso, ni chungu bila sukari. Halafu tukampa kitonge cha kwanza kilichoganda. Alikitafuna polepole, macho chini. Tulikuwa tunangoja aseme kitu kikubwa. Akasema:

"Kumbe ni hii."

Akanyamaza, akameza, akasema tena: "Bana yangu, kama bangetuonjesha siku moja tu, tungepandisha bei."

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka sana. Akaomba kingine, akauliza kilo moja ya kakao inatoa vitonge vingapi, na kimoja kinauzwa pesa ngapi huko kwao. Tulimpigia hesabu kwenye simu. Alikaa anaangalia ile namba muda mrefu.

Sasa tuwape namna ya kufanya, na ninyi mjaribu. Vipimo hivi vinatoa vitonge kama 45. Sisi tulifanya mara mbili.

Chukua biskuti za kawaida gramu 400, maziwa mazito matamu kopo 1 la gramu 397, kakao vijiko 3 vya chakula, na chokoleti gramu 300. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kwanza, na mkubwa asimame kwenye dumu la kunawia kuhakikisha. Biskuti ziwekwe kwenye mfuko safi, zipondwe kwa chupa mpaka ziwe kama unga wa mahindi. Kazi hii watoto wanaipenda kuliko zote, wape. Changanya na kakao, mimina maziwa kidogo kidogo, kanda. Ikishika mikono sana, ongeza biskuti. Ikipasuka, ongeza maziwa. Finyanga vitonge ukubwa wa kokwa la parachichi dogo, panga kwenye sinia, acha saa moja vikazike.

Chokoleti ikatwe vipande vidogo. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka bakuli kavu juu yake, lisiguse maji. Weka ndani theluthi mbili za chokoleti, koroga taratibu. Ikiyeyuka toa motoni, ongeza ile theluthi iliyobaki, koroga mpaka nayo iyeyuke. Hii inasaidia igande vizuri na ing'ae. Mchunge sana maji: tone moja tu likiingia, chokoleti inashikana kama udongo. Chovya kila kitonge kwa uma, gongesha uma kwenye ukingo wa bakuli ili ya ziada idondoke, weka kwenye karatasi safi.

Friji hatuna. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 34, ndiyo maana inayeyukia mdomoni. Mchana wa jua hapa haigandi vizuri. Sisi tulichovya jioni baada ya saa 1, sinia tukaliweka juu ya gunia lililoloweshwa maji, upepo ukapita. Asubuhi vilikuwa vigumu. Ikitokea mistari myeupe juu, haijaharibika, inalika tu. Wenzetu wa Kakuma, tunajua joto lenu: msipoteze pesa ya chokoleti ya kuchovya. Vingirisheni vitonge kwenye karanga zilizosagwa au kwenye kakao, ni vitamu vilevile. Lakini ukitumia karanga uliza wazazi kwanza, kuna watoto karanga zinawadhuru.

Siku yenyewe kila mtoto alipata kitonge kimoja, na vilivyobaki tuliwapa wazee. Kimoja tu. Tuliogopa watalalamika. Mtoto mmoja wa kiume, kama miaka 7, alilamba chokoleti ya nje yote, halafu ya ndani akaifunga kwenye jani. Tukamwuliza kwa nini hamalizi. Akasema ya ndani ndiyo alifinyanga yeye, anapelekea dada yake anayeumwa, ili ajue ni yeye alitengeneza. Kakao ya kutwanga iliyobaki tuliichemsha na maziwa na sukari, mama zetu wakanywa kwenye vikombe vya chai wakiongea habari za mashamba yao: nani alikuwa na miti mingapi, nani alipanda karibu na mto. Tulikuwa hatujawahi kuwasikia wakiongea Kamango bila kuongea vita.

Ndugu wa mashirika, hatuandiki haya ili mtuletee chokoleti. Tunaandika kwa sababu mara nyingi mnatuuliza tunahitaji nini, na hamtuulizi tunajua nini. Katika mtaa wetu kuna watu wanaojua kakao kutoka mbegu mpaka gunia, na wengine kahawa, na wengine samaki wa ziwa. Ujuzi huo ulivuka mpaka pamoja nasi. Haukuhitaji lori.

Na ninyi vijana wenzetu, Noeli ijayo fanyeni, mtuandikie hapa mmebadilisha nini. Kama mtaani kwenu kuna mama aliyewahi kuanika kakao, muonjesheni yeye wa kwanza.