Uani kwa Bibi, Mtaa wa Sikukuu

Kuingia nyumbani kwa bibi yangu, Mtaa wa Sikukuu pale Kariakoo, kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza barazani, ambako babu na wenzake wanacheza bao: uwaamkie mmoja mmoja, usimruke hata aliyesinzia. Kisha ukumbi mrefu wenye giza la ubaridi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kila mlango na pazia lake, na kila pazia na harufu yake: hapa mafuta ya nazi, pale dawa ya kikohozi, kule udi wa bibi harusi aliyepanga juzi. Mwisho wa ukumbi mwanga unakupiga usoni, umefika uani. Kinu kimeegemezwa ukutani, mbuzi ya kukunia nazi iko kando ya mafiga, kamba imelemewa na kanga, na kwenye pembe umesimama mpapai dume, ambao haukuzaa tangu upandwe wala hakuna aliyethubutu kuukata.

Ulikuwa mwaka 1955. Chuoni nilikuwa nimefika juzuu ya Amma, meno ya mbele sina, na kazi yangu kubwa nyumbani ilikuwa kutumwa.

Usiku wa mazoezi ulijulikana tangu alasiri, maana bibi aliwahi kupika, akaoga, akajifukiza. Baada ya isha wakaanza kuingia kwa mlango wa uani. Muuza vitumbua, ambaye nguo zake hazikuishiwa harufu ya hiliki. Msusi wa mikeka, vidole vimechanika kwa ukindu. Mama mwenye nyumba mbili Gerezani, aliyetembea kama mwenye nyumba mbili. Mmoja alikuwa akipika pombe huko kwao, na hilo halikuulizwa. Karabai ikapigwa pampu, ikaanza kuvuma, na kumbikumbi wakaizunguka. Matari yakapashwa moto juu ya makaa ili ngozi ikaze. Harufu ile ya ngozi inayopata joto, ikichanganyika na udi na asumini za nyweleni, sijaikuta tena mahali popote. Bibi alilishika tari, akaligonga kwa ncha za vidole, akalitegea sikio, akatikisa kichwa, akalirudisha motoni. Hakuna aliyeimba mpaka yeye aridhike, na kuridhika kwake kulichukua muda.

Chama chao kilikuwa cha ngoma, lakini ukikitazama vizuri kilikuwa serikali ndogo. Kulikuwa na kiongozi, kulikuwa na mweka hazina aliyetunza fedha ndani ya kopo la biskuti, kulikuwa na ada. Mwenzao akiuguliwa, kopo lilifunguliwa. Akifiwa, lilifunguliwa na wote wakahamia msibani na masufuria yao. Kila sikukuu walitoka na sare, doti moja ya kanga kwa wote, na asiyeweza kulipa alikopeshwa na deni likakaririwa kichwani, kwa kuwa wengi wao hawakupelekwa skuli. Nikisikia leo akina mama wakikusanywa hotelini wafundishwe namna ya kuunda vikundi, huwa nacheka peke yangu.

Na kulikuwa na vita. Vita vya maneno, lakini vita. Chama cha bibi kilikuwa na watani wao wa Mtaa wa Mchikichi, na kila upande ulikuwa na manju wake wa kutunga mafumbo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hufumbua, na Kariakoo ya wakati ule haikuwa na mjinga hata mmoja. Wimbo ukiimbwa harusini Ijumaa, Jumamosi mtaa mzima umeshajua nani kasemwa. Wimbo uliovuma kuliko yote wa upande wetu ulikuwa wa sufuria. Ulimhusu mwanamke aliyeazima sufuria ya mwenziwe kwa siku moja, akaipikia pilau, akaipikia maulidi, akaipikia hitima, mpaka akasahau kwamba si yake na akaanza kuiazimisha kwa wengine. Jina halikutajwa. Halikuwa na haja ya kutajwa, kwani sufuria yenyewe ilikuwa ya bibi yangu, na aliyeiazima alikuwa kiongozi wa Mchikichi.

Mwaka huo ndipo Bibi Titi Mohamed alipoanza kupita kwa viongozi wa vyama vya ngoma, mmoja baada ya mwingine. TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, alikuwa ameuliza wanawake wa TANU wako wapi, na wanaume wakajikuta hawana wa kumwonyesha. Bibi Titi, binti wa Dar es Salaam aliyezaliwa 1926, hakuwa mgeni kwa mtu yeyote uani kwetu. Alikuwa mwimbaji wa mbele wa ngoma ya Bomba, sauti yake ilijulikana kwenye maulidi na kwenye harusi, na kadi yake ya TANU ilikuwa namba 16. Hakuwa na haja ya kuanzisha jambo jipya. Akina mama walishakuwa na viongozi, hazina, sare na sauti. Wanahistoria wameandika kwamba katika miezi michache tu wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga. Mimi nilichokiona ni kadi zikifungwa kwenye pindo la kanga, pamoja na senti za samaki.

Babu alikuwa tarishi wa serikali, na watumishi wa serikali walikatazwa kuingia TANU. Kwa hiyo kadi ilikuwa ya bibi. Babu alibaki barazani na kete zake, mgongo ameupa mlango, na mkutano ukianza uani aliinua sauti ya kuhesabu ili ajulikane kuwa hasikii kitu. Lakini zamu yake ya kucheza ikifika, mara nyingi ilibidi akumbushwe.

Usiku mmoja, wale wa Mchikichi walikuja. Walikuja wote, na sare yao, wakasimama kwenye mlango wa uani wakapiga hodi kama watu wasiopajua. Kimya kikaingia mpaka karabai ikasikika. Bibi akaniambia, “Mwanangu, watandikie wageni jamvi.” Nikatandika. Wakaketi upande mmoja, wetu upande mwingine, nikapitisha tambuu kwenye sahani ya bati kutoka mkono hadi mkono. Aliyevunja ukimya ni kiongozi wao mwenyewe. Alitafuna, akatema, akafuta midomo, akasema, “Shoga, hebu nipe ule wimbo wangu.”

Bibi hakutaka. Akasihiwa. Mwishowe tari likalia, na wimbo wa sufuria ukaimbwa na vyama viwili kwa pamoja, ila sasa aliyeazima ni mgeni aliyekuja na kiti chake, akaketi barazani, akala, akashiba, akaanza kuwauliza wenyeji kodi. Yule mama wa Mchikichi aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Walicheka mpaka mweka hazina akaegemea kopo lake likaanguka.

Huo ndio wimbo waliokwenda nao Mnazi Mmoja, kwenye mkutano wa TANU. Niliushika upindo wa kanga ya bibi nisipotee katika vumbi la miguu na moshi wa wauza mishikaki. Bibi Titi alipanda jukwaani, na sauti yake ilitufikia nyuma kabisa tulipokuwa. Vigelegele vilipanda na kushuka. Pembeni alisimama askari kanzu na daftari: alivaa shati la kawaida, lakini viatu vilimsema. Alikuwa akiandika maneno ya wimbo. Nilimwona akisita, akamwuliza mtu jambo, akaandika tena. Nadhani huko ofisini kwao mtu fulani alisoma ripoti ndefu kuhusu sufuria.

Akina mama hawakurusha jiwe. Kijana aliyekuja na rungu alinyang'anywa na wale wale waliompikia uji utotoni, akaambiwa kama ana nguvu akabebe maji.

Uhuru ulipokuja, Desemba 1961, mtaa wetu haukulala, na mengi ya usiku huo yameshasemwa na wenye kalamu kuliko mimi. Ninachojua ni kilichotokea baada ya shamrashamra kupoa. Bibi alivaa baibui lake, akanishika mkono, tukaenda mpaka Mtaa wa Mchikichi. Walisalimiana kwa heshima zote, wakaulizana hali za wajukuu, wakanywa chai ya tangawizi. Kisha bibi akaweka kikombe chini, akasema mgeni wa barazani ameshaondoka, alhamdulillah, sasa tuzungumze habari ya sufuria yangu.

Ilirudi baada ya Idi, imetoboka.